Waliokesha wamedaka rula sawa na waliolala: hapa napima nini hasa?

mwalimu_bweni_Njombe

Wanajamvi, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya bweni mkoani Njombe. Kidato cha nne wanaingia mtihani wa taifa Novemba, na tangu walipofungua shule bweni halilali. Prepo inaisha saa 4 usiku, taa zinazimwa, halafu mmoja mmoja wanarudi madarasani. Wanapiga msuli mpaka saa 8, wengine saa 9 usiku, na kengele ya kuamka inagongwa saa 11 kasoro alfajiri. Nikiwa mwalimu wa zamu nakuta mtoto kaloweka miguu kwenye beseni la maji ya baridi ili asisinzie, na baridi ya Njombe mnaijua. Daftari liko magotini, ukurasa haugeuki.

Asubuhi kipindi cha kwanza nafundisha ukuta. Nikiwaambia walale wananijibu, "Mwalimu, mbona tuko fiti?" Mwalimu wa taaluma yuko upande wao. Kwake anayekesha ndiye mwenye bidii, na anayelala saa 4 hajui anachokitaka. Nikaona maneno hayatoshi, niwaonyeshe kwa namba.

Nimetumia jaribio la rula, lile tunalofundishia mwendo wa kitu kinachoanguka. Mmoja anashika rula ya sentimita 30 kwa juu, mwenzake anaweka vidole kwenye sifuri bila kuigusa. Unasema "tayari", inaachiwa, anaidaka, unasoma sentimita. Muda unaupata hivi: umbali kwa mita zidisha kwa mbili, gawanya kwa g (mchapuko wa uvutano), kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Aliyedaka kwenye sentimita 20 ametumia sekunde 0.20. Kila mwanafunzi alidaka mara kadhaa, tukachukua wastani. Aliyeikosa kabisa rula ikaanguka chini nilimrudishia, kama unavyofanya kwa usomaji wowote ulioharibika.

Matokeo: hakuna tofauti ya kueleweka. Vijana waliolala saa 9 usiku wanadaka kwenye 16, kwenye 17, sawa na waliolala mapema. Sasa hoja yao ndiyo imepata nguvu, wamebandika hadi jedwali darasani.

Lakini macho yangu yananiambia kingine. Juzi kwenye vitendo kijana anayeongoza darasa aliunganisha amita kinyume kwenye saketi ambayo muhula uliopita aliifundisha kwa wenzake. Akaitazama sindano inarudi nyuma, akaandika sifuri, akaendelea. Huyo siyo yeye.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Je, ni kweli vijana wa umri huu kukosa usingizi hakuwapunguzii uchangamfu, au kipimo changu hakifai?

Msongea_halisi

Mwalimu, mwili unazoea. Sisi tulikesha kidato cha tano na sita chote na tulifaulu vizuri tu. Wiki ya kwanza unateseka, ya pili mwili unakubali. Waache watoto wapambane, Novemba si mbali.

fiziolojia_Mwanza

Mwalimu, pole na hongera. Nafundisha fiziolojia chuo cha afya, na mada ya usingizi naipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Vijana wako wanaathirika. Rula nayo haina kosa, imepima sawasawa kile inachoweza kupima. Chukua kanuni yako mwenyewe uitumie upande wa pili. Rula ya sentimita 30 inapita yote katikati ya vidole kwa takriban robo ya sekunde. Aliyechelewa nusu sekunde angehitaji rula ya mita 1.2. Aliyepotea sekunde nzima angehitaji karibu mita 5, ungelazimika kuiachia kutoka juu ya paa la bweni. Maana yake chombo chako kina uwezo wa kuandika majibu ya haraka peke yake. Jibu lolote la kuchelewa kinalionyesha kama rula iliyoanguka sakafuni. Na hizo zilizoanguka ndizo ulizozirudishia. Kwa mtu aliyekosa usingizi, jibu unalolitafuta liko pale sakafuni.

Jambo hili liliwasumbua watafiti kwa muda mrefu. Mwaka 1896 Patrick na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwakesha watu watatu saa 90 na kuwapima vitu vingi, pamoja na kasi ya kuitikia. Kupima usingizi kwa kasi ya mkono ni wazo la zamani hivyo. Lakini maelezo mazuri zaidi ya kinachotokea yalikuja mwaka 1959, kutoka kwa Williams, Lubin na Goodnow. Waligundua kwamba mtu aliyekesha hapungui kasi kidogo kidogo kama betri inayoisha. Anajibu vizuri, vizuri, vizuri, halafu ghafla anapotea. Sekunde moja, mbili, tatu hayupo. Kisha anarudi, na majibu yanayofuata yanakuwa mazuri tena. Baadaye ilionekana kwamba hata katikati ya hayo mapengo kasi inashuka kiasi, lakini alama kubwa ya kukosa usingizi ni hayo mapengo yenyewe. Majibu ya haraka kuliko yote ya mtu aliyekesha yanaweza yakafanana sana na yako wewe uliyelala. Ukimpima kwa ubora wake hutamkamata. Mpime kwa ubaya wake.

Tazama sasa namna jaribio lako lilivyowaamsha. Unasema "tayari", kwa hiyo anajua inakuja. Inaisha kwa sekunde moja. Wenzake wamemzunguka wanashangilia, anataka awashinde. Ubongo wenye usingizi unaweza kujikusanya kwa dakika moja au mbili ukiwa na sababu ya kujikusanya. Hauwezi kujikusanya dakika kumi mfululizo kwenye kazi isiyo na ladha yoyote.

Ndiyo maana kipimo kinachotumika zaidi duniani kimetengenezwa kichoshe. David Dinges na John Powell walikieleza mwaka 1985, kinajulikana kwa kifupi kama PVT. Unakaa peke yako mbele ya kisanduku au skrini tupu. Baada ya muda usioutabiri, kati ya sekunde 2 na 10, namba zinawaka na kuanza kukimbia, unabonyeza kitufe, zinasimama na kukuonyesha milisekunde ulizotumia. Halafu unasubiri tena. Dakika 10, hakuna kingine. Hakuna cha kujifunza, hakuna mbinu, mwerevu na mzito wanalingana. Mtu aliyelala vizuri huwa kwenye robo ya sekunde au zaidi kidogo. Jibu la milisekunde 500 au zaidi linahesabiwa kuwa amepitiwa. Jambo la kuhesabu ni hilo: amepitiwa mara ngapi. Na akibonyeza kabla taa haijawaka inaandikwa pia, kwa sababu wenye usingizi wakianza kujilazimisha hubonyeza hewa. Lipo toleo la dakika 3 ambalo hata wanaanga kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga wamelitumia kujipima, lakini kwa kazi yako dakika 10 ni bora. Dakika za mwisho ndizo zinazosema.

Ndugu Msongea, hili la mwili kuzoea nakujibu kwa heshima, maana ndilo linaloaminika kuliko yote. Mwaka 2003 Hans Van Dongen, Dinges na wenzao, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichapisha utafiti wa watu wazima 48 wenye afya. Kundi moja lilipewa saa 8 kitandani kila usiku, lingine 6, lingine 4, kwa siku 14. Lingine halikulala kabisa usiku mitatu. Wa saa 6 na wa saa 4 walizidi kupitiwa kadiri siku zilivyokwenda, mstari unapanda bila kutulia. Kufikia mwisho wa wiki ya pili wa saa 4 walikuwa kwenye hali ya mtu aliyekesha usiku miwili kamili. Sasa sikiliza sehemu ya pili. Walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi siku za mwanzo, halafu majibu yao yakatulia. Wakajiona wamezoea. Kilichozoea ni hisia, uwezo uliendelea kuporomoka. Wewe na wenzako mlifaulu, na nafurahi kwa hilo. Ila hatuna njia ya kujua mngefaulu kiasi gani mngekuwa mmelala.

Na hao walikuwa watu wazima. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anashauriwa alale saa 8 hadi 10. Hesabu, Mwalimu: anayelala saa 8 usiku na kuamshwa saa 11 kasoro hafikishi hata saa 3.

Ombi moja. Usimwambie mwanafunzi yeyote akeshe kwa ajili ya jaribio lako, hata akijitolea. Wanakesha wenyewe tayari. Waandike muda waliolala na kuamka, kisha linganisha kila mtu na nafsi yake: siku aliyolala kidogo na siku aliyolala vizuri. Watu hutofautiana sana kwa maumbile, ukilinganisha Asha na Juma hutajua kama ni usingizi au ndivyo walivyozaliwa.

semi_Dar_Tunduma

Mwalimu shikamoo. Mimi sina shule kubwa, naendesha semi Dar hadi Tunduma na kuvuka. Nataka kuunga mkono alichosema Mkufunzi, maana nimekiishi.

Dereva mwenye usingizi ukimsimamisha mizani ukamsalimia, atakujibu vizuri kabisa. Atakutolea karatasi zote, atakutania, utasema huyu yuko macho. Kwa sababu umemwamsha! Ameona taa, ameona watu, ameshuka, kapigwa na upepo. Mrudishe barabarani, mpe nusu saa ya giza na mlio mmoja wa injini, ndipo utamjua ni nani. Hiyo ndiyo rula yako, Mwalimu: askari wa mizani anayemuuliza dereva "uko sawa?"

Kuna usiku nilitoka Iringa nimeshakaa foleni ya mpakani safari iliyotangulia na sikulipa usingizi wangu. Nakumbuka Mafinga, nakumbuka taa za vibandani na harufu ya mahindi ya kuchoma. Kitu kinachofuata kwenye kichwa changu ni utingo ananiambia tumepita Nyololo. Kati ya hapo sina picha hata moja. Macho yalikuwa wazi, yeye mwenyewe alikuwa ananitazama na hakuona tofauti. Na gari ilikuwa upande wake. Nilipaki Makambako nikalala mpaka jua likachomoza, mwenye mzigo alipiga simu mpaka ikazima.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari inakula mita 22 kila sekunde. Ukipotea sekunde tatu umeshakwenda mita zaidi ya 60 na tani zako mgongoni, hakuna anayeendesha. Wanafunzi wako wakisema ni kalamu tu, siyo usukani, waambie na mtihani nao una swali la kusoma mara moja ukalielewa.

Na mirungi na vile vinywaji vya makopo visiwadanganye. Vinakufungua macho. Lile pengo vinalisogeza mbele tu, halafu linakuja mara moja lote.

nesi_wa_Pwani

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Nauguza watoto wachanga, zamu ya usiku, kwa hivyo mambo haya ndiyo mkate wangu. Nina matatu ya kuongeza.

La kwanza, kabla mwanafunzi hajaanza kipimo, muulize ajipe namba ya usingizi alionao. Kuna kipimo cha Karolinska cha Uswidi, cha Åkerstedt na Gillberg wa mwaka 1990. Ni namba 1 mpaka 9. Moja ni macho kabisa, 5 ni si macho si usingizi, 9 ni usingizi mkubwa anapigana nao. Aandike namba, umfunikie karatasi, afanye kipimo, kisha mlinganishe. Hapo ndipo utakapopata la kuwaambia wanaosema tuko fiti. Kule kwetu mwenzangu husema "mimi niko sawa" huku ameandika joto la mtoto kwenye safu ya uzani. Namrudishia karatasi bila kelele, naye hunifanyia vivyo hivyo, tumekubaliana.

La pili ni saa. Mwili una saa yake, na haiangalii kama umelala au hukulala. Kati ya saa tisa za usiku na saa kumi na mbili alfajiri ndipo binadamu huwa chini kabisa, na baada ya chakula cha mchana kuna kashimo kengine kadogo. Ukimpima mmoja saa mbili asubuhi na mwengine saa nane mchana, utakuwa wapima saa wala si usingizi. Chagua saa moja ushikilie hiyo hiyo.

La tatu, usimpime aliyeamka sasa hivi. Ule uzito wa kuamka huwa mkali hata kwa aliyelala vyema, mpe nusu saa aoge uso na atembee. Na awe hajanywa chai wala kahawa kabla, au anywe kila siku ya kipimo kwa kiasi kile kile. Wengi hawajui kuwa chai ya rangi nayo ina kafeini.

Na hilo la beseni la maji baridi naliomba likome, tafadhali. Humshtua mtu dakika chache tu, na mtoto ateseka na baridi bure.

fundi_programu_Arusha

Mwalimu, nimesoma uzi huu wote nikiwa kwenye daladala na nimeshuka nimeshaanza kuandika. Nakutengenezea programu ndogo ya kipimo hicho, itafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye kivinjari, haihitaji intaneti. Skrini nyeusi, namba nyekundu, kitufe cha nafasi kwenye kibodi. Inasubiri kati ya sekunde 2 na 10 bila mpangilio, dakika 10, inaandika kila jibu na saa lilipotokea kwenye faili unaloweza kufungua kama jedwali.

Mambo ya mitambo ambayo lazima uyajue. Kompyuta yenyewe ina uchelewaji wake. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kuna kama milisekunde 16 au 17 ambazo huwezi kuzikwepa, na kibodi inaongeza zake. Simu za kugusa zinaongeza zaidi na kila simu ina tabia yake. Kwa hiyo usijivunie namba yenyewe, wala usiilinganishe na ya maabara ya Ulaya. Tumia kompyuta ileile, kibodi ileile, funga programu nyingine zote, na siku zote mpange mwanafunzi kwenye mashine aliyoanza nayo. Uchelewaji ukiwa uleule kila siku haukudhuru, maana unalinganisha mtu na yeye mwenyewe. Na kwa kutafuta majibu ya nusu sekunde kwenda juu, milisekunde 17 hazibadilishi hukumu.

Halafu usichukue wastani peke yake, tafadhali. Majibu themanini mazuri yanameza matatu mabaya, wastani unatoka safi. Chapisha majibu yote kwa mfuatano, mlalo ni namba ya jibu, wima ni milisekunde. Wachore wenyewe kwenye karatasi ya grafu. Aliyelala anapata mstari wa chini wenye mawimbi madogo. Aliyekesha anapata mstari huohuo na miiba imesimama juu yake. Hata asiyejua hesabu ataona.

Wenye takwimu wana njia nyingine nzuri: kila jibu ligeuzwe kuwa kasi, yaani moja gawanya kwa muda, ndipo wastani uchukuliwe. Kwa njia hiyo jibu moja la sekunde nne halivurugi hesabu nzima. Programu itakupa vyote viwili.

mwalimu_bweni_Njombe

Nawashukuru sana wote. Sikutegemea uzi wa kujibiwa kwa moyo namna hii. Narudi na taarifa.

Mkuu wa shule aliruhusu, kwa sharti kwamba ni wanaojitolea tu na hakuna jina litakalobandikwa. Tumetumia chumba cha kompyuta, kila mmoja na mashine yake, pazia limefungwa, saa 2 na robo asubuhi kabla ya chai. Kila mmoja aliandika muda aliolala na namba yake ya Karolinska, nikakusanya karatasi kabla ya kuwasha.

Nitawaeleza kuhusu kijana mmoja, yule wa amita. Alikuwa amelala saa 9 usiku. Alijipa 3, yaani yuko macho. Nilisimama nyuma yake kidogo upande asipoweza kuniona. Dakika za mwanzo alikuwa mzuri kuliko wote chumbani, vidole vyepesi, namba haziwahi kukimbia. Nikaanza kujiuliza kama nimewasumbua watu bure. Kisha, ikiwa imepita kama nusu ya muda, namba nyekundu zikawaka na kuanza kupanda. Mia tano. Mia nane. Elfu moja. Kidole kiko juu ya kitufe, hakijaondoka. Macho yako wazi, yanaitazama skrini, na mwanga mwekundu unaonekana ndani ya macho yake. Elfu mbili na kitu. Halafu mabega yakashtuka, akabonyeza, akajiweka sawa kwenye kiti, na jibu lililofuata likawa la haraka kama ya kwanza. Baada ya hapo ilijirudia, na mara moja alibonyeza kitufe wakati skrini iko tupu.

Tulipochora grafu alisema programu iliganda. Sikubishana naye. Aliporudi tena asubuhi ambayo alikuwa amelala usiku mzima, kwa kuwa umeme ulikatika na madarasa yakawa giza, alifanya kwenye mashine ileile. Mstari umelala chini mwanzo hadi mwisho. Aliziweka grafu mbili pamoja mezani akakaa kimya muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nikiwa nasoma usiku kuna mistari naipita hivihivi?" Nikamwambia ndiyo, na darasani asubuhi kuna maneno yangu unayapita hivihivi. Tangu siku hiyo anawahi kulala, na ameanza kuwashawishi wenzake kuliko mimi nilivyoweza.

Si wote waliotoka hivyo. Wapo waliolala kidogo na grafu zao zina miiba michache tu, Mkufunzi ulisema watu hutofautiana na ndivyo ilivyo. Hao ndio wenye sauti kubwa bwenini. Lakini hakuna hata mmoja ambaye grafu yake ya kukesha ilikuwa nzuri kuliko yake mwenyewe ya kulala, na hilo nimewaachia walitazame.

Mwalimu wa taaluma alikuja akakaa nyuma mpaka mwisho. Hajakubali kufunga madarasa usiku. Amekubali vitendo vya maabara visiwekwe tena kipindi cha kwanza, na kwamba kengele ya alfajiri isogezwe mpaka saa 12 kasoro kwa kidato cha nne. Naona ni mwanzo mzuri, na nitaendelea kumletea karatasi.

Swali limebaki moja. Wanafunzi wamepata hoja mpya: "Mwalimu, tutakesha Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tunalala mpaka saa 4 asubuhi, tunalipa deni." Wanalipa kweli?

fiziolojia_Mwanza

Mwalimu, nimesoma habari za kijana wako mara mbili. Hicho ulichokiona nyuma ya kiti chake ndicho kilichoelezwa mwaka 1959, na umekiona kwa kompyuta ya shule.

Deni wanalipa kiasi, hawamalizi. Mwaka huohuo wa 2003 Gregory Belenky na wenzake wa taasisi ya utafiti ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, waliwapunguzia watu usingizi kwa siku 7: wengine saa 3 kitandani, wengine 5, wengine 7, na kundi la kulinganishia saa 9. Baadaye wote walipewa saa 8 kwa usiku mitatu. Waliopunguziwa walipata nafuu, lakini baada ya usiku huo mitatu walikuwa bado hawajarudi pale walipoanzia. Hata wale wa saa 7. Wanafunzi wako wana usiku miwili tu, na wanautumia vibaya: ukilala mpaka saa 4 asubuhi Jumapili, usiku wake usingizi hauji mapema, Jumatatu unaianza na deni jipya.

Bora wawahi kulala Ijumaa na Jumamosi kuliko kuchelewa kuamka. Na kama ratiba inaruhusu, dakika 20 za kulala baada ya chakula cha mchana, vichwa juu ya madawati, zitawasaidia kwa prepo ya jioni. Zisizidi sana hapo, wasije wakaamka wazito.

Lakini usiwajibu kwa maneno yangu. Wapime Ijumaa, waache wafanye hiyo Jumamosi na Jumapili yao, uwapime tena Jumatatu saa 2 na robo, mashine zilezile, kabla ya chai. Kisha linganisha Jumatatu na ile siku ambayo kila mmoja alikuwa amelala vizuri, siyo na Ijumaa, maana kila kitu kitaonekana kizuri ukikilinganisha na Ijumaa. Ukizipata weka hapa grafu bila majina, nami ningependa kuwaonyesha wanafunzi wangu wa uuguzi ukiniruhusu.